Namna ya kuchagua mpira wa sili na oringi kwa mitambo yenye joto, kemikali na presha

Swali hili naulizwa karibu kila wiki, Arusha na Moshi sawasawa: "Fundi, nimebadilisha oringi mara tatu mwezi huu na bado inavuja. Niweke Viton?" Viton ni aina mojawapo ya mpira, wa bei kubwa. Wakati mwingine jibu ni ndiyo. Mara nyingi ni hapana, na nimeshakuta kazi ambapo hiyo Viton ndiyo iliyokuwa inavuja.

Sili ni kipande kinachoziba ili mashine isivuje, na oringi ni sili yenye umbo la pete. Naandika kwa fundi anayeanza kushika mitambo ya kiwanda: boila, pampu za kemikali, presi za haidroliki, mashine za maziwa, kompresa za vyumba vya baridi. Kama kazi yako ni bomba la maji baridi nyumbani, oringi nyeusi ya kawaida ya duka la spea itakutosha.

Shika jambo moja kabla hatujaanza. Hakuna mpira bora kuliko yote. Kuna mpira unaopatana na kile unachogusana nacho, kwa joto lile, kwa presha ile. Mpira wa bei kubwa ukiwekwa mahali pasipo pake hufa mapema kuliko ule wa bei ndogo uliowekwa panapostahili.

Nililipia somo hilo. Miaka yangu ya mwanzo niliitwa kwenye kiwanda kimoja cha maziwa, vali ya mvuke ilikuwa inavuja. Oringi nilizozikuta zilikuwa nyeusi, za EPDM (aina nyingine ya mpira, utaikuta hatua ya 5), nikaziona dhaifu. Nikafunga za kahawia za Viton, bei mara kadhaa ya zile, nikamhakikishia msimamizi kwamba zitakaa mwaka mzima. Mwezi haukuisha. Tulipofungua, zilikuwa zimelala bapa na zina nyufa, na uzalishaji wa siku nzima ulikuwa umesimama kwa sababu yangu. Joto halikuziua, kwa kuwa Viton inavumilia nyuzi 200 za Selsiasi. Zilikufa kwa maji ya moto, ambayo hukata vifungo vinavyoushika mpira wa aina ile. Tukarudisha EPDM, safari hii ya daraja la mvuke, na uvujaji ukaisha.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Sili au oringi ya zamani, hata kama imekatika. Usiitupe.
- Kitabu cha mashine, au angalau picha ya kibao chake.
- Kalipa ya vernia.
- Kipima joto. Kile cha kuelekeza kwa mbali kinafaa, lakini kwenye chuma kinachong'aa kinadanganya, hivyo bandika kipande cha utepe mweusi kwanza, kisha pima juu ya utepe.
- Geji ya presha inayosoma vizuri.
- Mizani ndogo inayosoma gramu 0.01, kama zile za sonara.
- Chupa tatu za kioo zenye vifuniko, kwa ajili ya jaribio la hatua ya 7.
- Daftari. Fundi wa sili asiye na daftari atarudia kosa lile lile mwakani.

Hatua ya 1: Isome sili ya zamani

Ifute bila kuisugua, iweke mezani kwenye mwanga, uitazame pande zote. Je, imevimba na kulainika? Imekakamaa kama plastiki? Imekatwa pembeni vipande vidogo kama iliyoumwa na panya? Imelala bapa? Kila alama ina maana yake, na mwishoni nimeeleza moja moja. Kwa sasa andika unachokiona, piga picha, weka sili kwenye mfuko wenye jina la mashine na tarehe.

Andika pia ilikaa muda gani. Sili iliyokaa miaka 3 halafu ikavuja haina kosa, imemaliza kazi yake, na cha kununua ni nyingine kama ile. Iliyokufa ndani ya wiki 2 ndiyo inayotaka uendelee na hatua zinazofuata.

Hatua ya 2: Andika kila kitu kinachogusa sili, na nasema kila kitu

Hapa ndipo wengi wanakosea. Ukimuuliza fundi sili inagusa nini, atajibu "maziwa" au "mafuta", akaishia hapo. Lakini mashine ya maziwa ikimaliza kazi inaoshwa. Kwanza inapita kostiki ya moto, yaani soda kali ya kuoshea, mara nyingi nyuzi 70 hadi 80, baadaye asidi ya nitriki, na mahali pengine mvuke wa kuua vijidudu humalizia. Maziwa ndiyo mpole kuliko vyote hivyo. Ukichagua mpira kwa kuangalia maziwa peke yake, kostiki itakuumbua.

Kwa hiyo orodha yako iwe na vitu vinne. Cha kwanza ni kimiminika cha kazi chenyewe. Cha pili ni dawa za kusafishia. Cha tatu ni kinachoongezwa ndani yake: maji ya boila, kwa mfano, hutiwa dawa za kuzuia kutu, na baadhi ya dawa hizo zina kemikali ziitwazo amini, ambazo huishambulia Viton ya kawaida. Cha nne, ambacho karibu kila mtu hukisahau, ni grisi utakayopaka wewe mwenyewe siku ya kufunga.

Niikazie hiyo grisi. EPDM ikipakwa grisi ya kawaida ya beringi, huvimba. Unaweza ukachagua vizuri, ukanunua vizuri, kisha ukaiua kwa kidole chako mwenyewe. EPDM inataka grisi ya silikoni. Sili ya silikoni nayo haitaki grisi ya silikoni, maana mpira na grisi ni ndugu na huingiliana.

Hatua ya 3: Pima joto pale sili ilipo

Geji ya mbele ya boila haikuambii joto la oringi iliyo mita 10 mbele. Pima karibu na sili, mashine ikiwa imefanya kazi saa moja au zaidi. Andika joto la kawaida, joto la juu kabisa linalofikiwa hata kwa dakika chache, na joto la chini kama mashine iko kwenye chumba cha baridi.

Kwa mvuke uliojaa huhitaji kubahatisha, presha inakuambia joto. Bar 3 kwenye geji ni nyuzi kama 144, bar 7 ni kama 170, bar 10 ni kama 184. Nakili namba hizi ndani ya jalada la daftari.

Kwa sili ya shafti inayozunguka, ongeza joto la msuguano. Mdomo wa sili unaweza kuwa na nyuzi 20 hadi 40 juu ya mafuta yaliyo ndani ya giaboksi. Mafuta yakiwa nyuzi 85, mdomo unaweza kuwa zaidi ya 110, na hapo sili ya kawaida ya naitraili, mpira wa mafuta nitakaoueleza hatua ya 5, imeshavuka mpaka wake. Kasi ya mdomo ipate hivi: zidisha 3.14 kwa kipenyo cha shafti katika milimita, zidisha kwa mizunguko ya dakika moja, gawa kwa 60,000. Shafti ya milimita 50 inayozunguka mara 2,900 inakupa karibu mita 7.6 kwa sekunde. Naitraili inaimudu. Ukikaribia mita 12 na kuendelea, anza kufikiria Viton.

Hatua ya 4: Presha na mwendo

Hii ni fupi. Andika presha ya juu, pamoja na ule mshituko wa pampu inapowaka. Andika pia kama sili imekaa tuli, inakwenda mbele na nyuma kama kwenye silinda, au inazunguka. Silikoni, kwa mfano, ni nzuri mahali patulivu lakini huchanika upesi kwenye mwendo.

Hatua ya 5: Chagua ukoo wa mpira

Sasa ukiwa na orodha yako, pita kwenye koo hizi. Joto nililoandika ni la kazi ya kila siku, si la dakika tano.

*Naitraili, NBR.* Nyuzi -30 hadi 100. Ni mpira wa mafuta ya madini: haidroliki, oili ya injini, dizeli, grisi. Maji ya kawaida pia inayaweza, na mafuta ya alizeti. Haipendi jua wala ozoni, haipendi asidi kali, na tina au asetoni huiharibu. Kwa presi nyingi za mtaa wa Unga Limited, Arusha, anza hapa. Bei yake ni ndogo na inapatikana kila duka.

*HNBR.* Ni naitraili iliyoimarishwa kiwandani kwa haidrojeni. Inafika nyuzi 150, inastahimili ozoni, na ni ngumu kuchanika. Utaikuta sana kwenye kompresa za gesi za ubaridi kama R134a, mara nyingi ikiwa ya kijani. Naiona inadharauliwa bila sababu. Kazi nyingi ambazo watu wanakimbilia Viton, hasa mahali penye mafuta moto pamoja na maji, HNBR ingezifanya kwa muda mrefu zaidi.

*EPDM.* Nyuzi -50 hadi 150, kama imepikwa kiwandani kwa peroksaidi, dawa ya kuukaza mpira. Ile iliyopikwa kwa salfa inachoka mapema, karibu nyuzi 120. Huu ndio mpira wa maji ya moto, mvuke, kostiki, asidi nyepesi, na mafuta ya breki ya glikoli, yaani DOT 3 na DOT 4. Adui yake ni mmoja lakini ni mkali: mafuta ya petroli ya kila namna, kuanzia dizeli mpaka grisi. Kwenye viwanda vya sukari kama kile cha Arusha Chini, kusini ya Moshi, maji ya miwa hutiwa chokaa na kuchemshwa ili yasafike. Moto na chokaa pamoja ni mahali pa EPDM, si pa Viton.

Tahadhari moja kwa wenzangu wa maziwa: EPDM inafaa kwa maziwa, lakini kwenye siagi, samli na krimu nzito mafuta yanaanza kuivimbisha. Pale tafuta HNBR ya daraja la chakula. Na kwa chochote kinachogusa chakula, karatasi ya bidhaa iwe imetaja kanuni ya Marekani 21 CFR 177.2600 au kanuni nyingine ya chakula inayotambulika. Rangi nyeupe peke yake si ushahidi.

*Viton, au kwa jina la ukoo FKM.* Viton ni jina la biashara lililoanzishwa na DuPont mwaka 1957, na leo liko chini ya Chemours. Mitaani tunaita kila FKM "Viton", kama tunavyofanya kwa vitu vingi. Nyuzi -20 hadi 200. Ni hodari kwa mafuta ya moto, petroli, dizeli, asidi nyingi, na dawa nyingi za kunyunyizia mashamba. Inashindwa na vitu ambavyo mafundi wengi hawavitarajii: mvuke na maji ya moto, kostiki, amonia, asetoni, na mafuta ya breki ya glikoli. Zipo FKM maalumu zilizopikwa kwa peroksaidi ambazo huvumilia mvuke zaidi, lakini lazima uziagize kwa jina lake. Ukisema "nipe Viton" kaunta, hutapewa hiyo.

*Silikoni, VMQ.* Nyuzi -60 hadi 200. Inafaa kwa hewa ya moto, milango ya oveni, na vyakula. Haifai kwenye mvuke wa presha wala mwendo.

*Neoprini, CR.* Mpira wa zamani, tangu miaka ya 1930, bado una kazi yake. Mitambo mikubwa ya ubaridi inayotumia amonia pamoja na oili ya madini, CR ni chaguo zuri. Viton hapo usiisogeze.

*Poliyurethani.* Kwa silinda za haidroliki hakuna mpira unaoshindana nayo kwa kutosagika, na vumbi letu la Arusha linahitaji hivyo hasa. Lakini maji ya moto huivunjavunja ndani kwa ndani. Ikae chini ya nyuzi 80, na mbali na mvuke.

*FFKM na FEPM.* Hizi ni za mwisho. FFKM, ambayo Kalrez ni jina lake mojawapo la biashara, inapita nyuzi 300 kwa baadhi ya madaraja na inavumilia karibu kila kemikali. Bei ya oringi moja inaweza kukushangaza. FEPM, ambayo wengi wanaijua kwa jina la Aflas, inavumilia mvuke na amini pamoja, kwa hiyo kwenye mvuke wa bar 10 ambako EPDM ya kawaida imechoka, ni ya kuzingatia. Kabla hujafika huko, jiulize kama unaweza kupunguza joto: kuisogeza sili mbali na chanzo cha moto, au kutumia PTFE, plastiki ambayo wengi wanaijua kwa jina la Teflon, pale isipohitaji kurudi kama mpira.

Kanuni nyepesi ya kukumbuka ukiwa na wasiwasi: kila nyuzi 10 unazoongeza karibu na ukingo wa mpira, umri wake unapungua karibu nusu. Usichague mpira ambao joto lako liko kwenye mpaka wake. Acha nafasi.

Hatua ya 6: Ugumu na mfereji

Ugumu wa mpira hupimwa kwa kipimo kiitwacho Shore A, na wa kawaida ni Shore A 70. Kwa presha ya hadi bar 100 hivi, kama mwanya kati ya vyuma ni mdogo, unatosha. Ukivuka hapo, chukua Shore A 90 au weka pete ya PTFE nyuma ya oringi ili isisukumwe kuingia kwenye mwanya.

Pima mfereji ambamo oringi inakaa, si oringi ya zamani peke yake, maana ya zamani imeshabadilika umbo. Oringi tuli inataka kubanwa asilimia 15 hadi 30 ya unene wake, ya mwendo 10 hadi 20. Mfano: oringi nene milimita 3.53, ikibaki na nafasi ya milimita 2.80 baada ya kufunga, imebanwa karibu asilimia 21. Hiyo ni nzuri. Pia isijaze mfereji zaidi ya asilimia 85. Mpira hutanuka kwa joto karibu mara 10 ya chuma, na ukikosa pa kutanukia utajikata wenyewe au kusukuma vifuniko.

Hatua ya 7: Nunua, kisha hakikisha

Usiamini rangi. Watu wengi wanajua "kahawia ni Viton, nyekundu ni silikoni, nyeusi ni ya kawaida". Rangi ni dawa tu iliyochanganywa, na mwenye kiwanda anaweza kuchanganya anavyotaka. Niliwahi kumwambia muuza spea mmoja wa Moshi, "Mangi, hii ni Viton kweli?" Akaniangalia akajibu, "Fundi, si unaona ni ya kahawia?" Hakuwa mtu wa hila, ndivyo naye alivyoambiwa alikonunua. Kwa hiyo omba karatasi ya vipimo yenye jina la ukoo, ugumu, joto, na kama ni EPDM, neno peroksaidi. Kama unaagiza kutoka Dar es Salaam au unavusha Namanga kutoka Nairobi, iombe kabla hujalipa.

Usipopata karatasi, fanya majaribio mawili.

La kwanza, uzito wa ujazo. Weka kikombe cha maji juu ya mizani, ibonyeze isome sifuri. Funga oringi kwa uzi mwembamba, izamishe ndani ya maji bila kugusa kikombe, pembeni wala chini, na hakikisha haina povu. Namba inayotokea ni ujazo wake kwa sentimita za ujazo. Gawa uzito wake mkavu kwa namba hiyo. Oringi ya gramu 3.70 ikikupa 2.00, jibu ni 1.85, na hiyo inaelekea kuwa FKM. Ikikupa 2.96, jibu ni 1.25, na hapo si FKM hata iwe na rangi gani. Naitraili na EPDM kwa kawaida huangukia kati ya 1.1 na 1.4.

La pili, chupa. Kata vipande, vipime uzito, viweke kwenye chupa zenye kimiminika chako halisi kwa saa 72, vifute, vipime tena. Tafuta asilimia ya ongezeko. Mimi nakataa mpira uliozidi asilimia 10 kwa sili ya mwendo, na 20 kwa ile tuli. Uliopungua zaidi ya 3 naukataa popote, maana umetoa vitu vyake vya ndani na utakakamaa. Ukitaka tu kutenganisha EPDM na naitraili, zote nyeusi, tumbukiza vipande kwenye dizeli usiku mmoja. Asubuhi EPDM imevimba wazi.

Onyo kubwa: usichome mpira kwa moto ili kuutambua. Najua kuna wazee wa kazi wanaofanya hivyo. FKM ikiungua hutoa haidrojeni floraidi, ambayo ikikutana na unyevu ni asidi inayopenya ngozi mpaka kwenye mfupa, na maumivu yanaweza kuchelewa kwa saa nyingi. Vivyo hivyo ukifungua mashine iliyoungua na kukuta mabaki meusi yanayonata, usiyaguse kwa mkono mtupu. Vaa glavu nzito za neoprini, na kama umeshagusa, osha kwa maji mengi na uende hospitali siku ileile, ukaeleze ulichogusa.

Hatua ya 8: Hifadhi na ufunge kwa utaratibu

Sili hazitundikwi kwenye msumari dirishani. Jua na ozoni huzichimba, na ule msumari unazipa umbo la yai. Ziweke kwenye mfuko, gizani, chini ya nyuzi 25, mbali na mota za umeme na mashine ya kuchomelea. Zikihifadhiwa hivyo, kiwango cha ISO 2230 kinazipa poliyurethani miaka 5, naitraili miaka 7, EPDM na FKM miaka 10 kabla ya kukaguliwa tena.

Siku ya kufunga, safisha mfereji, funika nyuzi za skrubu kwa utepe ili zisiukate mpira, paka grisi inayopatana, na usitumie bisibisi kusukuma. Oringi isiviringike ndani ya mfereji. Sili ya shafti, tazama kwanza kama shafti ina mstari uliochimbwa na sili ya zamani. Ukipita kucha na ikanasa, sogeza sili mpya milimita chache au vika shafti bushi nyembamba, la sivyo mpira wowote utavuja.

Kisha andika daftarini: mashine, ukoo wa mpira, ugumu, ulikonunua, tarehe.

Ikiendelea kuvuja: alama na maana zake

*Imelala bapa, haijakatika.* Joto limezidi, au mbano umezidi, au mpira ulipikwa vibaya. Pima joto upya kabla ya kubadilisha ukoo.

*Imevimba na kulainika.* Kuna kitu kwenye orodha ya hatua ya 2 ulikisahau. Anza kwa kuuliza ilipakwa grisi gani. Kwenye breki za folklifti uliza kabisa ni mafuta gani: nyingine zinatumia glikoli, nyingine oili ya madini, na mpira wa moja hufa kwa ya mwenzake.

*Imekakamaa, ina nyufa ndogo.* Joto kavu, au ozoni kama nyufa ziko nje tu.

*Pembeni imeliwa vipande.* Presha inaisukuma kwenye mwanya. Ongeza ugumu au pete ya PTFE, na kama vyuma vimelika, mwanya wenyewe ndio wa kutengeneza.

*Ina alama za kujisokota kama kamba.* Silinda ilikwenda bila ulainishi, au oringi ilisokotwa wakati wa kufunga.

*Ina malengelenge na mipasuko ya ndani.* Gesi ya presha iliingia ndani ya mpira, kisha presha ikaachiwa ghafla. Achia polepole, na utafute daraja lililotengenezwa kwa gesi.

*Imelika upande mmoja tu.* Shafti haiko katikati au beringi imekufa. Usinunue sili nyingine kabla ya kutazama beringi.

*Inavuja asubuhi tu, saa tatu inakauka yenyewe.* Hii huja sana Arusha mwezi wa Julai, na watu hufurahi kwamba imejitengeneza. Mpira umeshalala na kupoteza nguvu ya kurudi. Ukiwa wa baridi haugusi chuma, ukipata moto unatanuka na kuziba. Usikaze boliti zaidi. Agiza sili mpya leo, ubadilishe siku ya kusimamisha mashine wiki hii, kabla haijachagua siku yake yenyewe.